Kofia Namba 417

Kamina, 14 Januari 2025

Yaya Élisa,

Wafwako, dada yangu. Ninaandika ofisini saa ya mapumziko, mlango nimeuzuia kwa kiti kwa sababu kitasa kilikufa kabla ya Noeli na hakuna wa kukitengeneza. Natumaini karatasi hii itakukuta umekaa nje kwenye kiti chako cha kamba, si kitandani kama mwezi wa kumi.

Huku sisi wazima. Mke wangu Mathilde anakusalimu, bado anafundisha darasa la tatu, watoto sabini na wawili chini ya bati moja, na akirudi nyumbani sauti imekwisha. Chloé, binti yetu, ameingizwa korali ya vijana. Anaimba sauti ya pili tangu asubuhi, na mtu hawezi kunywa chai kwa amani. Jikoni panavuja palepale pa zamani. Simu najua haikufai tena tangu ile dawa ya kinini ikuharibu masikio, kwa hiyo barua nampa pasta anayeshuka Malemba kwa mkutano.

Sasa jambo lenyewe. Unamkumbuka Kipimo, yule Mzungu wa shaba kwenye rond-point, ule mzunguko wa barabara mbele ya gare ya treni, mwenye chombo cha kupimia njia ya reli? Wamemshusha. Ilikuwa tarehe sita, saa nne ya asubuhi, kwa kamba na lori. Imeamuliwa kwamba pale asimame mtu wetu, mtu wa reli, aliyetenda kitu. Kipimo amelazwa katika ua wa mairie, ofisi yetu ya mji, chini ya dirisha langu, uso juu, na kuku wa mlinzi wanampanda. Maisha yangu yote nilipita chini yake bila kumtazama. Sasa yeye ananitazama mimi kila nikiinua kichwa. Wenye pikipiki bado wanaita abiria: kwa Kipimo, kwa Kipimo.

Kuna komisyo ya watu saba ya kumchagua mtu huyo, na katibu wake ni mimi. Yalitajwa majina, chifu huyu, mwalimu yule, tukabishana juma zima. Mwisho mwenyekiti alisema: tunahangaika nini, na yule aiguilleur wa mwaka wa 1976 je? Yule aliyegeuza njia ya reli kwa mikono yake, mabehewa ya mizigo yaliyokuwa yanateremka peke yao yakaingia kwenye njia iliyokufa, na treni ya wanakorali waliotoka mkutanoni ikapona. Hakuna mtoto wa Kamina asiyekijua kisa hicho. Komisyo nzima ikageuka kunitazama mimi.

Yaya, karatasi ya zamani tuliyoipata imeliwa na mchwa. Jina halipo. Kimebaki kipande: "aiguilleur, nyumba 14". Na nyumba 14 ni yetu. Unajua watu wa reli, mtu hujulikana kwa namba ya mlango wake kuliko kwa jina la ubatizo. Baba mwenyewe hakupenda kukisema kisa kile. Kila ibada ya shukrani walipomsimamisha mbele kanisani, aliinamisha kichwa tu. Mimi mtoto niliuona unyenyekevu wake nikajivuna kwa niaba yake.

Picha nimeipata ndani ya Biblia yake: koti la reli, kofia yenye namba, taa mkononi. Nakutumia fotokopi. Divin, fundi wa sanamu, amefurahi sana, anasema uso kama huo haupatikani.

Kimebaki kitu kimoja. Komisyo inataka attestation, ushuhuda wa maandishi, ya mtoto wa kwanza, aliyekuwepo siku ile. Wewe ulikuwa na miaka kumi na minne. Nimeshaipiga chapa yote, iko ndani ya bahasha. Wewe utie sahihi tu, inirudie kabla ya tarehe 15 Machi.

Mdogo wako anayekuheshimu,
Philémon


Malemba-Nkulu, 9 Februari 2025

Philémon mudogo wangu,

Barua yako ilifika, pasta alikuwa na matope mpaka ku magoti. Nilimupa maji ya moto na nikasoma mbele yake, juu alikuwa anatafuta kujua.

Minyi niko. Masikio iko vilevile. Kengele ya kanisa naisikia na miguu, udongo ikitetemeka. Bale batoto nilifundishaka, sasa bazee na mvi, bananiletea samaki, na kila moja anazani ni yeye peke yake analeta. Samaki inaniozea. Njia iko mubaya. Ku upande wa juu bale ba bunduki balirudia, na bantu banalala mu kanisa na mikeka yabo. Usimwambie Mathilde, atakosa usingizi bure.

Chloé umuache aimbe. Weye ulikuwa unapiga masahani mwaka muzima, na hakuna muntu alikufa.

Juu ya Kipimo: ule Muzungu sikumupenda, lakini alikuwa na kivuli. Kama munatafuta muntu wa kusimamisha pale, mutie mwanamuke moja wa bale balikuwa banauzisha mikate ku gare. Balilisha treni zote. Ao mupande muti.

Baba umuache alale.

Ile attestation niliiweka mu kitabu ya nyimbo. Sikuandika kitu. Picha nayo niliangalia sana. Ile koti ilimukalia kubwa, uliona? Mabega inaanguka. Uulize ule Divin wako kama anaona muzuri.

Ngoja kwanza. Usitembeze hii mambo mbio.

Yaya yako,
Élisa


Kamina, 27 Februari 2025

Yaya Élisa,

Wafwako tena. Nafurahi samaki hawakosekani. Sisi wazima, isipokuwa Mathilde ana mafua, na Kipimo wetu amepata mvua ya siku nne mdomoni.

Barua yako nimeisoma nikashindwa kuelewa. Nakuomba sahihi, unaniambia mikate, unaniambia miti, unaniambia mabega ya koti. Yaya, sikuficha neno, ila moja nililiacha kwa sababu sikutaka kukutisha. Sasa naliandika.

Nyumba za avenue yetu zinapimwa. Watu wamekuja na mita na rangi nyekundu. Nyumba isiyo na karatasi inatiwa alama ya msalaba ukutani, na wenyewe wanapewa hadi mwisho wa mwaka watoke. Sisi hatuna karatasi. Nimefungua kila sanduku, Yaya. Hakuna hata risiti. Baba aliishi mle kwa neno tu, na mimi baada yake nimeishi kwa neno hilohilo. Mwenyekiti wa komisyo ameniambia wazi: nyumba ya shujaa haitaguswa, itatiwa kibao mlangoni na karatasi itaandikwa kwa jina la familia. Bila attestation hakuna shujaa, na bila shujaa nyumba 14 ni ukuta kama kuta nyingine.

Mimi nilizaliwa katika nyumba ile. Chloé alizaliwa katika nyumba ile. Unataka niwapeleke wapi?

Na procès-verbal, taarifa ya kikao, niliiandika mimi, kwa mkono wangu, kwamba familia inathibitisha. Wakubwa wameshaisoma. Divin ameshamaliza mfano wa udongo na anaanza kumwaga shaba. Siwezi kurudi nyuma hata nikitaka, nyuma yangu pamejaa watu.

Kama una neno moyoni juu ya Baba kwa sababu alimwoa mama yangu upesi baada ya mama yako kulala, sema, tuongee kama ndugu. Lakini usiniadhibu mimi kwa hilo. Mimi sikuwepo.

Nangoja sahihi. Siku zimebaki kumi na sita.

Philémon


Kamina, 22 Machi 2025

Yaya,

Nakusalimu, na Mathilde anakusalimu, mafua yamemtoka. Chloé amepewa ubeti wa kuimba peke yake.

Pasta amerudi. Anasema alikupa barua yangu ya pili mkononi, na ulimwambia utajibu. Sijapata kitu. Labda ni barabara. Wanasema tangu alipopita yeye hakuna baiskeli inayopita. Labda si barabara.

Tarehe 15 imepita. Usijisumbue tena na ile sahihi, mambo yamekaa, dossier, lile faili la komisyo, imekamilika. Nilikaa ofisini na karatasi mbele yangu nikakumbuka ulivyonifundisha kuandika, umenishika mkono kwa nyuma, unanipumulia sikioni. Nadhani hata leo mkono wangu na wako inafanana.

Sherehe ni tarehe 12 Aprili. Nitakutumia picha.

Mdogo wako,
Philémon


Malemba-Nkulu, 10 Machi 2025
(Juu ya karatasi, kwa kalamu ya Philémon: Imefika Kamina 29 Aprili.)

Mudogo wangu Philémon,

Nakulamukia. Niko muzima, muhogo ilikauka muzuri, na jirani alizaa mutoto mwanamuke, banamupa jina yangu, masikini ule mutoto. Salimia Mathilde, mumupe tangawizi. Sasa ukae. Ufunge mulango na ile kiti.

Weye haukuzaliwa mu nyumba 14. Ulizaliwa mu kambi ya bale banabebaka mizigo, nyuma ya dépôt, chumba moja na jiko inje. Nyumba 14 uliingia na miaka tano, ku mugongo yangu, na ulikuwa unalia juu tuliacha kuku yako.

Baba hakukuwaka aiguilleur. Baba alikuwa anabeba. Magunia, makaa, mbao, mpaka retraite, alipoacha kazi na uzee. Aiguilleur wa nyumba 14 alikuwa Jean-Baptiste, muntu wa Kasai, jirani ya kazi, na batoto ya kambi yote balimuita Baba Jean. Ile siku ya 1976 nilikuwa ku gare, nilipeleka chakula ya muchana. Nilimuona Jean-Baptiste anakimbia juu ya mawe na yale magari ya mizigo inakuya nyuma yake. Alivuta ile chuma ya kugeuza njia na mikono mbili, chuma ikamukata bidole mbili ya mukono wa kushoto. Treni ya bale banaimba ikapita. Balikuwa wangali banaimba, habakujua kitu. Baba alikuwa wapi? Alikuwa anakula. Nilimuletea sahani, alikuwa chini ya kivuli anakula. Haiko zambi, muntu kula. Lakini njo pale alikuwa.

Ile koti nayo. Kila Bonane, mwaka ukianza, alikuwa anapita muntu wa kupiga picha. Mu kambi hakuna mwenye nguo ya picha, basi Jean-Baptiste alikuwa anatoa koti yake, na kofia, na taa, moja anavua, mwingine anavaa. Nusu ya bazee ya Kamina iko na picha na ile koti. Hata Zébédée, ule wa karibu na kanisa. Namba ku kofia, 417, iko namba ya Jean-Baptiste. Weye katibu, unasoma karatasi ya bantu kila siku, haukusoma ile.

Mwaka wa 1993 weye ulikuwa mutoto. Bantu ya Kasai balifukuzwa, bakaambiwa hapa haiko kwabo. Jean-Baptiste na muke yake na Lise, binti yabo, balikaa ku gare miezi tatu, inje, na mizigo yabo, banangojea treni. Ku gare yake yeye mwenyewe. Siku ya kwanza alileta funguo kwa Baba. Alisema: Kaumba, unichungie nyumba, nitarudia. Baba akachunga. Juma ya pili tukaingia. Mu dirisha ya chumba yako, Philémon, tulikuwa tunaona moshi ya jiko yabo ku gare, asubuhi na mangaribi, miezi tatu. Mama yako aliweka nguo ku dirisha.

Mwaka uliofuata aliandika. Baba hakujua kusoma, minyi njo nilikuwa namusomea. Jean-Baptiste aliuliza: mugini mulipoa? Lise anapaswa kumaliza shule, naweza kurudia ku nyumba yangu? Baba akaenda kazi, akarudia mangaribi. Kisha akasema: andika kama nyumba balishapatia bengine, na mugini mungali moto, usije. Na mugini mulikuwa mumepoa. Bengine balikuwa balishaanza kurudia. Niliandika. Na hii mukono, na maandiko yangu muzuri ya mwalimu. Akajibu mustari moja: Merci ndugu, mukae muzuri. Alikufa kule Kasai, Mwene-Ditu, mwaka wa 1998. Lise iko kule, anashona nguo. Nilimufundisha kusoma ule mutoto, Philémon. Alikuwa wa kwanza mu darasa.

Kisha bantu bapya bakakuya, bakaanza kusema: ile njo nyumba ya ule wa treni. Baba hakusema ndiyo na hakusema hapana. Weye uliona unyenyekevu. Ilikuwa haya. Kila mara balimusimamisha kanisani, alikuwa anarudia nyumbani na hakuli. Usiku ya kufa aliniita, nikazani anatafuta kusema. Alinipa ile funguo tu, akageukia ukuta.

Unaniuliza kama niko na neno juu ya Baba. Niko nalo juu yangu. Sasa unaniletea karatasi ingine juu ya ile nyumba, niandike tena. Sitatia sahihi. Mu hii enveloppe niliweka attestation ingine, ya kweli, na sahihi yangu na jina ya Jean-Baptiste. Umupe mwenyekiti mbele hawajamwaga shaba. Nyumba itakuwa vile itakuwa. Mathilde iko na kazi, weye uko na kazi, hamutalala inje ku gare.

Unichukie kama unatafuta. Lakini upeleke.

Élisa


Kamina, 6 Mei 2025

Yaya,

Wote wazima.

Barua yako ilikaa wiki saba. Muuza chumvi uliyempa aliogopa njia, akaiacha katika misheni, misheni ikangoja mtu wa kupita. Ilifika sherehe ikiwa imeshapita siku kumi na saba.

Sahihi yako nilitia mimi. Nadhani ulishajua ulipoisoma barua yangu ya Machi. Nilijaribu kwenye gazeti mara nyingi, kisha nikaitia. Niliona aibu, na bado ninaiona.

Nikueleze siku ile. Watu walijaa hadi kwenye reli. Korali iliimba, Chloé aliimba ubeti wake peke yake, Mathilde akalia. Wakubwa wakakata utepe, kitambaa kikaanguka, na Baba akasimama pale, Yaya, Baba kabisa, yale macho yake ya kutazama pembeni. Divin ni fundi wa kweli. Hakuacha kitu. Mabega yanaanguka kama kwenye picha. Namba iko kwenye kofia, kila tarakimu, naiona nikiwa ng'ambo ya barabara.

Watu walipoanza kutawanyika, mzee Zébédée alikuja na fimbo yake. Alipanda zile ngazi mbili polepole, akagusa namba. Kisha akashika mkono wa kushoto wa sanamu na kuhesabu vidole, kimoja kimoja, kama mama anayepokea mtoto mchanga. Alishuka akaja karibu yangu. Alisema kwa sauti ndogo: "Kofia ni ya Jean-Baptiste, vidole ni vya baba yako." Akaenda zake. Sikumwelewa. Nilisema moyoni, uzee. Tangu siku ile anapita kila asubuhi, anavua kofia yake na kumsalimu: Wafwako, Jean. Hamwambii mtu neno lolote.

Tarehe 29 nikaisoma barua yako, nikaelewa.

Kesho yake nilimpelekea mwenyekiti attestation yako ya kweli. Nilisimama. Aliisoma hadi mwisho, akatoa na ile nyingine kwenye dossier, akaziweka pamoja mezani. "Sahihi mbili za dada yako, na hazifanani," alisema. "Moja ni ya nani?" Nilikuwa tayari kujibu, Yaya, nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa, hata viatu vyangu vya ofisini nilikuwa nimevifunga vizuri kama mtu wa safari. Yeye akacheka kidogo. Akasema wakubwa walishakata utepe, watoto walishaimba, shaba imeshamwagwa, na katika komisyo hii dossier iliyofungwa haifunguliwi. Alikunja ya kweli akanirudishia mfukoni mwa shati langu, akapigapiga mfuko. Kisha akafungua droo na kunipa karatasi ya nyumba, yenye muhuri, kwa jina letu. "Nenda nyumbani, mtoto wa shujaa."

Niliwaendea wengine mmoja mmoja. Watatu hawakutaka kusoma. Mmoja alisoma akaniomba nimhurumie, ana watoto. Mmoja alisema, huyo Jean-Baptiste si amekufa, atadai nini?

Jumapili walinipisha kwenye kile kiti cha mbele, cha Baba. Nilisimama mlangoni nikatafuta mahali nyuma, lakini walishageuka wote kuningoja. Nilikaa. Ibada ilikuwa ndefu. Nilirudi nyumbani sikula.

Msalaba mwekundu wameufuta ukutani kwetu. Wa majirani upo, pande zote mbili. Kila 12 Aprili nitaweka maua na kusema maneno, imeandikwa kwenye programu. Chloé ameshahadithia darasani kwao. Ameniuliza kama babu alikuwa anaogopa wakati ule anakimbia. Nilimjibu kwamba sijui.

Napita kwa Kipimo, watu bado wanapaita hivyo, kila asubuhi na kila jioni, hakuna njia nyingine ya kwenda kazini. Kipimo mwenyewe bado amelala chini ya dirisha langu. Juu ni Baba, chini ni yeye, na mimi katikati. Nyumbani, nguo ya dirishani ipo pia. Ni ileile ya mama, imepauka. Sikujua kwa nini hatukuwahi kuitoa.

Baba alikaa humu miaka kumi na moja, na sasa naelewa alivyokaa. Wewe ndiye mkubwa wangu, sina mwingine wa kumuuliza. Niambie nifanye nini. Nimefungwa, Yaya, na hakuna anayetaka kunifungulia, kwa sababu kila mtu anaona nimepewa zawadi.

Philémon


Malemba-Nkulu, 1 Juni 2025

Philémon,

Wafwako. Minyi niko. Njia ilifunguka, bale bantu ba mu kanisa balirudia ku mashamba, na ule mutoto wa jina yangu analia sana, minyi peke yangu simusikii, basi bananipa nimubebe.

Barua yako niliisoma. Ile sahihi yako ilinichekesha, kisha nikalia. Jina yangu haukuwahi kuiandika muzuri, hata na mukono yangu juu ya yako. Nilikasirika, na nilimaliza kukasirika, juu minyi njo nilikufundisha, na haiko kuandika peke yake.

Usitafute tena bale ba komisyo. Uliwapelekea kweli, bakaikataa. Ile iko mambo yabo. Lakini nyumba haiko mu droo yabo. Nyumba iko na mulango, na ni weye unaifungua.

Mwaka wa 1994 niliandika: usije. Mwezi iliopita nilimwandikia Lise: uje. Nilimwambia yote, koti, na sahani ya Baba, na barua yangu, na sahihi yako. Nilimwambia: nyumba ya baba yako iko, na vyumba tatu, jikoni inavuja, mudogo wangu iko mule na muke na binti, bako bantu bazuri lakini bako mu nyumba yako. Mutakaa namna gani, yeye njo atasema. Weye utasikiliza. Mathilde umweleze leo, usingoje kesho. Chloé naye, umwambie babu hakukimbia.

Nilituma muntu wa pikipiki, na Lise alijibu. Anapanda treni ya kutoka Mwene-Ditu tarehe ishirini ya hii mwezi, anasema haijulikani itafika siku gani. Anasema Kamina aliisahau yote, kasoro gare.

Funguo iko mu hii enveloppe. Niliichunga mu kisanduku ya chaki tangu Baba alale. Najua kitasa mulibadilisha, haitafungua kitu. Umupe hivyo.

Akitoka ku gare ataona sanamu kwanza. Ataona namba ya baba yake na uso wa baba yetu. Usimufiche ile, umungojee pale chini, umuache atazame muda atatafuta. Usielezee mbele hajauliza. Mwambie Zébédée akuye, asimame na weye, yeye anajua kumusalimia.

Na ufike mapema. Treni ikichelewa siku mbili, ungoje siku mbili, na maji yako na mukeka yako, inje, pale bantu bote banakuona. Baba yake alingoja miezi tatu.

Yaya yako,
Élisa